Shujaa Huitwa na Mwenye Shida Naye

Nikikuta sanamu ya mtu wa kale, macho yangu hukimbilia chini kwenye kibao. Natafuta mwaka. Mwaka aliozaliwa haunisaidii sana, wala ule aliokufa. Ninaoutaka ni mwaka sanamu iliposimamishwa, na nikibahatika, jina la aliyetoa pesa. Uso wa shaba hauna habari nyingi, maana mafundi huwapa mashujaa wote kidevu kile kile na macho yale yale ya kutazama mbali. Mwaka ndio unaotoboa siri.

Chukua Edward Colston wa Bristol, Uingereza. Alizaliwa 1636, akafa 1721. Alikuwa mfanyabiashara, na tangu 1680 aliingia katika Kampuni ya Kifalme ya Afrika, ambayo mfalme alikuwa ameipa haki ya pekee ya biashara ya Waingereza kwenye pwani ya Afrika Magharibi. Akapanda hadi kwenye uongozi wake. Katika miaka aliyokuwemo, meli za kampuni hiyo zilibeba Waafrika takriban 84,000 kwenda utumwani ng'ambo ya Atlantiki, na kama 19,000 kati yao walifia njiani. Baadaye alitoa mali nyingi kwa shule, nyumba za wazee, hospitali na makanisa. Alitoa kwa masharti pia, kwa sababu hakutaka pesa yake imfikie mtu wa dhehebu asilolipenda, ila hilo halisimuliwi sana.

Sanamu yake ilisimamishwa 1895. Yaani miaka 174 baada ya mazishi. Kibao kilisema imejengwa na raia wa Bristol kumkumbuka mmoja wa wana wa mji huo wenye maadili na hekima kuliko wengine. Sasa jiulize, mwaka 1895 nani alikuwa na kiu ya mtu aliyekwisha oza karibu karne mbili? Bristol ilikuwa imetoka kwenye migomo mikubwa ya wafanyakazi. Matajiri wa mji na vibarua wao walikuwa wanatazamana kwa jicho la shari. Mjini kulikuwa na vyama vya hisani vilivyomtukuza Colston, ambavyo kila Novemba vilifanya karamu na kushindana kuchangisha pesa za maskini. Tajiri anayetoa kwa hiari yake, maskini anayepokea na kushukuru bila kugoma: picha hiyo ilikuwa na kazi ya kufanya mwaka ule. Cha kuchekesha, michango ya hao "raia wa Bristol" ilisuasua. Watu wa kawaida hawakuwa na haraka ya kumlipia.

Na usidhani siri ilikuwa imefichika. Mwaka 1920 kasisi mmoja wa huko huko, H. J. Wilkins, alichapisha utafiti wake kuhusu Colston na akaeleza uhusiano wake na biashara ya watumwa. Kitabu kikasomwa na waliokisoma, karamu zikaendelea. Funika kombe mwanaharamu apite. Ilipofika miaka ya 2018 na 2019, mji ulijaribu kuweka kibao cha pili cha kuongeza ukweli kidogo, na hapo ndipo vita vilipoanza: neno hili lilainishwe, lile liondolewe, hili limezidi. Wakavutana hadi mpango ukafa. Tarehe 7 Juni 2020 waandamanaji wakaifunga kamba sanamu, wakaiangusha na kuiburuta hadi bandarini, wakaitosa majini. Wengi walilalamika kwamba historia imefutwa. Mimi najiuliza ni historia gani, maana hata ule ukweli wa 1920 ulikuwa umekosa mahali pa kuandikwa kwenye mawe kwa miaka 100.

Nimeanza na Colston kwa kuwa kwake mambo yako wazi: wenye nguvu wanamtafuta mzee wa kuwatetea, wanampata, wanamsugua, wanampandisha juu. Laiti visa vyote vingekuwa hivyo, kazi ingekuwa rahisi. Tungewachukia wajenzi wa sanamu na kulala usingizi.

Christopher Columbus anatibua hesabu hiyo. Alipokuwa gavana wa Hispaniola, kisiwa cha Karibi, malalamiko dhidi ya utawala wake yaliwafikia hata wafalme wa Hispania waliomtuma. Wakampeleka Francisco de Bobadilla achunguze, na mwaka 1500 huyo akamkamata Columbus na kumrudisha Hispania amefungwa minyororo. Ugavana hakurudishiwa tena. Marekani, nchi iliyokuja kumpenda kuliko zote, ni nchi ambayo ardhi yake ya bara hakuwahi kuikanyaga. Kwanza alipendwa na watu waliokuwa wametoka kuwafukuza Waingereza na wakawa wanatafuta babu asiye Mwingereza. Chuo cha New York kilichoitwa cha Mfalme kikabatizwa Columbia mwaka 1784. Lakini kilichomfanya awe na sikukuu ni kitu kingine kabisa.

Machi 1891, huko New Orleans, kundi la watu lilivamia gereza na kuwaua wanaume 11 wenye asili ya Italia. Baadhi yao walikuwa wametoka tu kuachiwa na mahakama. Wahamiaji wa Kiitalia wakati ule walionekana wachafu, wahalifu, watu wasiostahili kuwa raia. Italia ikakasirika, mabalozi wakaondolewa. Mwaka uliofuata ulitimiza miaka 400 tangu safari ya 1492, na Rais Benjamin Harrison akatangaza siku ya kuiadhimisha. Wahamiaji wale wakamkumbatia Columbus kwa mikono miwili. Mwitaliano aliyefika kabla ya kila mtu! Ukimshika huyo mkononi, nani atakuambia urudi kwenu?

Hapo napata shida kuwahukumu. Mtu anayeogopa kuuawa barabarani anatafuta ngao, haulizi sana ngao ilichongwa kwa mti gani. Wakati huo huo, ngao yake ni mtu aliyewalazimisha wenyeji wa Hispaniola kuchimba dhahabu na kuwapeleka mamia yao Hispania wauzwe. Shida ya mmoja ilitibiwa kwa kuficha maumivu ya mwingine, na yule mwingine hakuwa na mtu wa kumsemea mwaka 1892. Ndiyo maana naona mashujaa wenye madoa hawatokani na ujinga wa jamii. Watu hawadanganywi wakampenda mtu asiyestahili. Wana shida yao, ya kweli kabisa, na mtu huyo anaonekana kuimaliza. Madoa yake yanakuwa gharama, na kwa kawaida gharama hiyo analipishwa mtu asiyekuwepo mezani.

Hapa ndipo huja ule utetezi maarufu: usimhukumu mtu wa kale kwa macho ya leo. Nimeusikia mara nyingi mno, mara nyingine kutoka kwa watu ninaowaheshimu, akiwemo rafiki yangu mmoja anayefundisha historia, mtu makini ambaye hakurupuki. Una ukweli wake. Daktari wa mwaka 1700 hatumlaumu kwa kutojua vijidudu. Lakini nikimbana rafiki yangu aniambie "watu wa wakati ule" walionaje, daima anataja watu wa upande mmoja. Wale 84,000 waliokuwa kwenye sakafu za meli walikuwa watu wa wakati gani? Hawakungoja karne ya 21 ije iwaambie kwamba wanaonewa. Bobadilla hakuwa na macho ya leo. Bartolomé de las Casas, aliyeandika kurasa kwa kurasa juu ya mateso ya wenyeji wa visiwa vile, alizaliwa karne ya 15.

Kisa kinachonikaa zaidi kichwani ni cha Richmond, Virginia. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, Robert E. Lee aliongoza jeshi la majimbo ya kusini yaliyopigana kuulinda utumwa, akashindwa, akasalimu amri Aprili 1865. Mwenyewe hakupenda habari za minara. Mwaka 1869, alipoalikwa kusaidia kuweka alama kwenye uwanja wa vita wa Gettysburg, alijibu kwamba ni busara zaidi kutoviacha vidonda vya vita wazi. Alikufa 1870, na marehemu hana kura. Mei 1890 sanamu yake juu ya farasi ilizinduliwa mbele ya umati mkubwa mno. Wakati huo majimbo ya kusini yalikuwa yanapanga namna ya kuwanyang'anya weusi haki ya kupiga kura, na Virginia ilikamilisha kazi hiyo kwa katiba ya 1902. John Mitchell, mhariri mweusi wa gazeti la Richmond Planet, alikuwepo mjini akiyaona yote. Aliandika kwamba mtu mweusi ndiye aliyetoa jasho kuisimamisha sanamu ile, na wakati ukifika atakuwepo kuishusha. Ilishushwa Septemba 2021, na mkandarasi aliyepewa kazi hiyo alikuwa mtu mweusi. Mitchell alikuwa na macho ya 1890 na yalimtosha.

Nitaonekana nachagua mashujaa wa wazungu tu kwa kuwa ni rahisi kuwashambulia. Basi tuje kwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, ambaye mimi binafsi nampenda, na kumgusa kwa kidole kunaniuma kidogo.

Agosti 1891, pale Lugalo, wapiganaji wa Mkwawa walikivizia kikosi cha Wajerumani kilichoongozwa na Emil von Zelewski. Zelewski alikufa pamoja na zaidi ya watu 200 wa kikosi chake. Mkwawa aliendelea kupigana hata baada ya ngome yake ya Kalenga kutekwa 1894, akaishi porini akiwindwa, na tarehe 19 Julai 1898 akajipiga risasi kuliko akamatwe. Wajerumani wakakata kichwa chake wakakipeleka kwao. Kisa kama hicho hakihitaji chumvi.

Kinachoachwa nje ni namna dola hiyo ya Wahehe ilivyopatikana. Munyigumba, baba yake, na Mkwawa mwenyewe waliijenga kwa kuwapiga majirani, kuteka ng'ombe na kuteka watu. Wasangu walifukuzwa kwenye makao yao ya Utengule. Wajerumani walipokuja, Merere, mtawala wa Wasangu, akaungana nao, na katika miaka ya 1890 Wasangu wakarudi Utengule. Kwenye madaftari ya shule jambo hili hufupishwa kwa mstari mmoja: Waafrika walishindwa kwa kukosa umoja. Mstari huo huniudhi. Umoja na nani? Umwambie Msangu wa wakati ule, aliyefukuzwa nyumbani na Mhehe, kwamba adui yake wa kweli ni mtu aliyeshuka jana kutoka pwani, atakuona mwendawazimu. Lakini shujaa wa taifa hawezi kuwa na majirani aliowaonea, hivyo majirani wanageuzwa wasaliti.

Kuna sehemu ya kisa hiki ambayo naona haizungumzwi vya kutosha: nani alianza kumtukuza Mkwawa hadharani kwa nguvu za serikali. Fuvu lake liliingizwa kwenye Mkataba wa Versailles wa 1919, kifungu cha 246, kikiitaka Ujerumani ilikabidhi kwa Uingereza. Ujerumani ikasema haina habari nalo. Miaka zaidi ya 30 baadaye, gavana wa Tanganyika, Edward Twining, alikwenda mwenyewe kwenye jumba la makumbusho la Bremen lililokuwa na mafuvu kama 2,000, akachagua moja lenye tundu la risasi na vipimo vilivyokaribiana na vya jamaa za Mkwawa waliokuwa hai. Wataalamu wamelitilia shaka tangu hapo. Tarehe 19 Juni 1954 alilikabidhi Kalenga kwa sherehe kubwa, mbele ya Adam Sapi, mjukuu wa Mkwawa na chifu wa Wahehe.

Tazama mwaka tena. Kenya ilikuwa katikati ya vita vya Mau Mau, na serikali ya kikoloni ya Tanganyika ilihitaji machifu watulivu na vijana wa kabila lenye sifa ya vita wawe upande wake. Mtu aliyewaua maofisa wa wakoloni sasa anaheshimiwa na gavana wa kikoloni, kwa gwaride! Wiki tatu hazijatimia, tarehe 7 Julai 1954, TANU ikaundwa Dar es Salaam. Baada ya uhuru shujaa yule yule akahamishwa akawa mali ya taifa jipya, mpinga ukoloni wa wote, na Adam Sapi akawa Spika wa Bunge. Mwamba ngoma huvutia kwake. Ngozi ni ile ile, wavutaji ndio waliobadilika.

Kwa nini lakini awe mtu? Kwa nini tusitukuze tendo, tukaacha maisha ya mtu yabaki na matope yake? Nadhani ni kwa sababu tendo halina uso wa kubandika ukutani wala kaburi la kuzuru. Kamati haiimbwi. Ukimwambia mtoto kwamba uhuru uliletwa na maelfu ya watu, migomo ya bandarini, bei ya pamba na uchovu wa dola iliyotoka vitani, atapiga miayo, na wengi wetu watu wazima tutamfuata. Mtu mmoja aliyesimama na kukataa, hilo linashikika. Akishashikika, madoa yake yanaanza kuwa kero ya wale wanaomhitaji, kama doa kwenye kanzu ya bwana harusi: halimhusu yeye peke yake, linawaaibisha waliomsindikiza.

Hata hivyo kuna mashujaa ambao madoa yao hayafichwi, na hawa hawazungumzwi sana. Wanapendwa pamoja na damu, na pengine kwa sababu ya damu. Mwaka 2010 Durban, Afrika Kusini, ilifungua uwanja mpya wa ndege wenye jina la Mfalme Shaka wa Wazulu. Mchongaji Andries Botha alikuwa ametengeneza sanamu ya Shaka akiwa na ng'ombe, bila silaha. Haikumaliza muda mrefu. Mfalme Goodwill Zwelithini alilalamika kwamba babu yao anaonekana kama mchunga ng'ombe, na sanamu ya Shaka ikaondolewa, ng'ombe wakabaki. Fikiria: mtu anapewa nafasi ya kuwa na shujaa msafi, mpole, mwenye mifugo, na anaikataa. Ukatili wa Shaka, hasa vifo vilivyofuata msiba wa mama yake Nandi mwaka 1827, tunausoma kwa sehemu kubwa kutoka kwa wafanyabiashara wa kizungu kama Henry Francis Fynn, ambao walikuwa na faida yao katika kumchora kama zimwi. Lakini watu waliotawaliwa na kudharauliwa kwa zaidi ya karne hawakuhitaji mchungaji. Walihitaji mtu ambaye hata maadui zake walimwogopa, na mkuki ulikuwa sehemu ya dawa.

Mongolia ni hivyo hivyo. Wakati wa utawala wa kikomunisti, kumsifu Genghis Khan kulikuwa hatari. Mwaka 1962, alipotimiza miaka 800 kwa hesabu yao, kiongozi wa chama aliyesimamia maadhimisho, Tömör-Ochir, alifukuzwa kazi. Moscow haikutaka kusikia habari za mtu ambaye wajukuu zake waliitawala Urusi. Tangu 2008 anakaa juu ya farasi wa chuma cha pua, urefu wa mita 40, kwenye nyika isiyo na mji karibu. Miji aliyoiangamiza Asia ya Kati haijasahaulika na yeyote. Ila nchi ndogo iliyobanwa kati ya Urusi na China inaweza kusamehewa ikipenda kukumbuka siku ambazo majirani hao ndio walioogopa.

Ikiwa shujaa huitwa na mwenye shida naye, basi shida ikiisha huondolewa, na ikirudi huitwa tena. Sijaona mahali jambo hili linapoonekana kwa macho kama Accra. Kwame Nkrumah aliiongoza Ghana kwenye uhuru tarehe 6 Machi 1957. Mwaka uliofuata tu serikali yake ilipitisha sheria ya kumweka mtu kizuizini hadi miaka mitano bila kesi. Mwaka 1964 nchi ikawa ya chama kimoja. J. B. Danquah, mmoja wa viongozi wa chama kilichomwita Nkrumah arudi kutoka London mwaka 1947 kuja kuwa katibu wao mkuu, alifungwa chini ya sheria hiyo na akafia gereza la Nsawam Februari 1965. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 24 Februari 1966, jeshi lilimpindua Nkrumah akiwa safarini Asia. Watu wakacheza barabarani. Sanamu yake ikaangushwa na kichwa kikakatwa.

Alifia Bucharest mwaka 1972. Uwanja wa ndege wa nchi ulikuwa umeshapewa jina la Kotoka, mmoja wa maofisa waliompindua. Kisha miaka ikapita, wanajeshi wakapinduana, uchumi ukaporomoka, na Nkrumah akaanza kupendeza tena. Mwaka 1992 mwili wake ulihamishiwa katika bustani ya kumbukumbu iliyojengwa pale alipotangazia uhuru. Ndani ya bustani hiyo, mbali kidogo na sanamu mpya inayong'aa, ipo ile ya zamani isiyo na kichwa, na kichwa chenyewe, kilichokuwa kimehifadhiwa na raia mmoja, kimewekwa kwenye nguzo yake pembeni. Kati ya minara yote ninayoifahamu, huo ndio ninaouheshimu zaidi. Wangeweza kuunganisha shingo na kupiga rangi. Wameacha mkato uonekane, na mgeni analazimika kuuliza nani alikata, na kwa nini walishangilia.

Danquah naye ana sanamu yake, kwenye mzunguko wa barabara wenye jina lake, mji ule ule. Lakini mji unaweza kubeba sanamu mbili kwa urahisi kuliko kalenda inavyoweza kubeba sikukuu. Mwaka 2009, Nkrumah alipotimiza miaka 100 tangu kuzaliwa, tarehe 21 Septemba ilifanywa Siku ya Mwasisi, mmoja. Mwaka 2019, chini ya Rais Akufo-Addo, ambaye Danquah ni babu yake wa ukoo, sheria ikabadilishwa: sikukuu ya waasisi, wengi, ikahamia tarehe 4 Agosti, siku ambayo chama cha kina Danquah kilizinduliwa mwaka 1947, na 21 Septemba ikabaki kumbukumbu ya Nkrumah peke yake. Mwaka 2025 serikali nyingine ikaingia, na bunge likairudisha Siku ya Mwasisi tarehe 21 Septemba. Kambi ya Danquah ikishinda uchaguzi tena, sioni kitakachowazuia kuibadilisha.